Makanisa ya Mji Mkongwe wa Unguja na Haki ya Walioyajenga

Inapozungumzwa habari ya utamaduni wa taifa, aghalabu mawazo ya wengi hukimbilia ngoma, mashairi, vinyago na mavazi. Majengo hutajwa kwa nadra, na makanisa kwa nadra zaidi. Sababu yake haifichiki. Kanisa la mawe lenye madirisha ya vioo vya rangi lilikuja pamoja na mgeni, na mgeni huyo, hata alipokuja na kitabu mkononi, nyuma yake zilifuata manowari na bendera. Kwa hiyo wako wasomi waliokwisha kukata shauri kwamba majengo ya namna hii ni masalio ya ukoloni tu, wakaachiwa watalii kuyapiga picha. Wako na wengine, hasa miongoni mwa waumini, ambao huyasifu bila ya kuyachunguza, kana kwamba yalishuka kutoka mbinguni yakiwa yamekwisha kupakwa chokaa.

Makala haya hayakubaliani na upande wowote kati ya pande hizo mbili. Yanakusudia kuyatazama makanisa ya Mji Mkongwe wa Unguja, makubwa mawili na mengine yaliyojificha, kama tunavyolitazama shairi: limetungwa kwa lugha gani, nani aliyelitunga, wapi linasema kweli na wapi linadanganya. Imani ya mtu haiguswi hapa. Mwislamu aweza kulihakiki kanisa kwa haki kama Mkristo awezavyo kuuhakiki msikiti wa Kizimkazi, maadam wote wawili wanazungumza juu ya kazi ya mikono ya binadamu.

Mwalimu anayewapeleka wanafunzi wake Mji Mkongwe asianze na kanisa lolote. Aanze na nyumba. Nyumba ya Mji Mkongwe imejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyochimbwa kisiwani, yakashikanishwa kwa chokaa. Chokaa yenyewe ilipatikana kwa kuyachoma matumbawe juu ya rundo kubwa la magogo, kisha ikamwagiwa maji na kuachwa miezi mingi hata ikaiva. Dari zake hubebwa na boriti za mikandaa, na kwa kuwa boriti hizo hazizidi sana mita tatu, vyumba vikawa virefu na vyembamba. Mshairi hufungwa na mizani. Mwashi wa Unguja alifungwa na boriti. Mtu asiyeifahamu sheria hiyo hawezi kuona ajabu iliyofanywa Mkunazini.

Kabla ya kufika huko, yafaa kuingia kidogo Ngome Kongwe, iliyo ufukweni karibu na Forodhani. Ndani ya ngome hiyo yamo mabaki ya kanisa la Wareno, lililojengwa kabla ya Waarabu wa Omani kuwaondoa Wareno katika pwani hii mwishoni mwa karne ya 17 na kujenga ngome yao mahali pale pale. Ni mawe machache tu. Wageni wengi huyapita wakielekea kwenye maduka ya vinyago. Kwa uzuri hayastahili maneno mengi, lakini yanatufundisha tabia ya mji huu: jengo jipya hulimeza la kale badala ya kulifuta.

Tabia hiyo ndiyo iliyofanya kazi tena Mkunazini, na safari hii kwa kusudi. Mwezi wa Juni 1873, Sultani Barghash bin Said, akishurutishwa na Uingereza kwa mkono wa balozi wake John Kirk, alikubali mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini na kuyafunga masoko yao. Soko la Mkunazini lilikuwa la mwisho kubwa hapa Unguja. Wamisionari wa Kianglikana wa Misheni ya Vyuo Vikuu walikipata kiwanja hicho, sehemu kwa kukinunua na sehemu kwa zawadi ya mfanyabiashara wa Kihindi, na siku ya Krismasi ya mwaka huo huo jiwe la msingi la Kanisa la Kristo likawekwa. Msimamizi wa kazi, na mwenye fikra nyingi za ujenzi wake, alikuwa Edward Steere, aliyepata uaskofu mwaka 1874. Alifariki Agosti 1882, akazikwa nyuma ya altare ya kanisa alilolijenga.

Kwa nje kanisa hili si zuri sana. Uso wake ni mzito, na mnara wake wa saa unasimama pembeni kama mtu aliyealikwa kwa kuchelewa. Husimuliwa kwamba saa hiyo ilitolewa na Sultani Barghash mwenyewe kwa sharti kwamba mnara usiizidi kwa urefu Beit al-Ajaib. Kama ni kweli, basi ni sharti lililolifaa jengo, kwani mnara mrefu zaidi ungelidhalilisha paa, na paa ndiyo hoja yote ya Mkunazini.

Ingia ndani utazame juu. Hakuna boriti hata moja. Kutoka mlangoni hadi altareni limepita tao moja refu, mfano wa pipa lililopasuliwa kwa urefu wake na kufunikizwa juu ya kuta. Tao hilo ni zege, lililochanganywa kwa saruji na matumbawe yaliyopondwa. Watu wa wakati ule walidhani litaanguka mara tu magogo ya kulishikilia yatakapoondolewa. Halikuanguka. Limekaa zaidi ya miaka 140, likapita masika baada ya masika. Kwa mtu aliyetoka katika chumba chembamba cha nyumba ya mawe, upana huu ni sawa na kusikia mtu akivunja mizani ya shairi na bado shairi likaimbika.

Hapa ndipo wahakiki wengi wanapokosea. Huandika kwamba Steere alileta uhodari mpya kutoka Ulaya. Saruji kweli ilitoka huko, na umbo la kanisa ni la huko. Lakini zege la chokaa na matumbawe si jambo jipya katika pwani hii. Waashi wa Kilwa Kisiwani walijenga kuba na matao ya matumbawe katika Msikiti Mkuu wao zamani kabla ya meli ya Mreno wa kwanza kuonekana. Hapa hapa Unguja, bafu za Kidichi za mwaka 1850 zina kuba. Sisemi kwamba Steere aliiga Kilwa. Nasema kwamba mikono iliyolimwaga zege lile Mkunazini ilikuwa mikono ya watu ambao mawe ya matumbawe na chokaa walivijua tangu utotoni, na kwamba askofu, ambaye hakuwa mhandisi, asingethubutu bila wao. Miongoni mwao walikuwamo watu waliotolewa utumwani. Jengo ni la Kiingereza kwa ramani. Kwa mwili wake ni la pwani.

Na hao waashi wamelipwa nini katika masimulizi? Wamelipwa kichekesho. Karibu na mlango wa magharibi, penye kisima cha ubatizo, zipo nguzo ndogo za marmari ambazo zimesimamishwa kichwa chini, miguu juu. Kila mgeni huonyeshwa, na kila mgeni huambiwa hadithi ile ile: askofu alisafiri, mafundi wasiojua kitu wakazigeuza, aliporudi akacheka na kuziacha. Hadithi ni tamu na mwenye kuisimulia hupata tabasamu. Lakini itazame vizuri. Katika jengo lote lenye tao ambalo wataalamu walilihofia, jambo pekee ambalo fundi Mwafrika amekumbukwa kwalo ni kosa. Tao halina hadithi. Nguzo zina hadithi. Mafundi walewale walionyanyua paa wanaonekana wajinga wasioweza kutofautisha kichwa cha nguzo na tako lake. Sina haja ya kuikana hadithi hiyo, maana nguzo zipo na zimepinduka. Nataka tu mwalimu, atakapowaonyesha wanafunzi nguzo hizo, awageuze shingo zao kwanza watazame juu.

Kuna jambo zito zaidi, nalo linahusu kweli. Kando ya kanisa lipo jengo liitwalo la Mtakatifu Monika, na chini yake vyumba viwili vya giza, dari yake chini mno, hewa nzito. Kwa miaka mingi wageni wamekuwa wakishushwa humo na kuambiwa kwamba hapa ndipo watumwa walipofungiwa kabla ya kupelekwa mnadani. Wengine hutoka wakilia. Lakini jengo hilo lilijengwa na misheni yenyewe mwishoni mwa karne ya 19, miaka zaidi ya kumi baada ya soko kufungwa, na wanahistoria wamekwisha kulieleza jambo hili. Haiyumkiniki watumwa wa soko wafungiwe chini ya nyumba ambayo ilikuwa bado haijajengwa.

Wako watakaosema: kuna ubaya gani? Watumwa walikuwapo, mateso yalikuwapo, na kama chumba kile kinamsaidia mtu kuyafahamu mateso hayo, acha kisimame. Hoja hii ina nguvu, na anayeisema mara nyingi ana moyo mwema. Hata hivyo siikubali. Utumwa wa pwani hii hauhitaji kutiwa chumvi. Unao ushahidi wa kutosha katika mikataba, katika vitabu vya forodha, katika mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba, na katika majina ya koo ambazo hata leo hazipendi kuulizwa zilitoka wapi. Tunapouweka ushahidi wa uongo mahali pa ushahidi wa kweli, tunampa mwenye kuukana utumwa silaha bure: atakivunja chumba, kisha atadai amelivunja na soko. Fauka ya hayo, chumba kile kinamfundisha mwanafunzi kwamba utumwa ni jambo la shimoni, lililofichwa. La. Soko la Mkunazini lilikuwa wazi, mchana, katikati ya mji, na wanunuzi walikuja na nguo zao za heshima. Huo uwazi ndio wa kutisha.

Kwa sababu hiyo naiona kazi ya Clara Sörnäs, msanii wa Sweden, kuwa na kweli kubwa kuliko vyumba vile, ingawa ni ya mwaka 1998 tu na haidai kuwa ya kale. Katika shimo la mstatili lililochimbwa nje ya kanisa, amesimamisha watu watano wa zege, shingo zao zikiunganishwa kwa minyororo. Hawalii, hawanyooshi mikono. Kimo cha shimo kinawafanya watazamaji wasimame juu yao, mahali hasa aliposimama mnunuzi. Mtazamaji mwangalifu hutambua hilo baada ya dakika moja au mbili, na kwa kawaida hurudi nyuma hatua moja. Sanamu chache katika nchi yetu zinaweza kumfanya mtazamaji ahame mahali pake.

Kanisani ndani, mbele ya altare, duara la marmari nyeupe linaonyesha mahali panaposemwa palikuwa na mti wa kuchapia watumwa. Alama hii ni nzuri kwa kuwa ni ndogo. Lakini nayo yaweza kupoteza, maana humfanya mtu aamini kwamba altare ilipoingia, utumwa ulitoka. Mpangilio wa miaka ni mwingine. Soko lilifungwa 1873. Utumwa wenyewe haukuondolewa katika sheria za Unguja mpaka 1897. Ina maana kwamba katika muda wote ambao kuta hizi zilikuwa zikipanda, na kwa miaka kadhaa baada ya askofu kuzikwa, mji uliolizunguka kanisa uliendelea kuwa mji wa mabwana na watumwa, na karafuu ziliendelea kuchumwa na watu wasio huru chini ya macho ya taifa lililojisifu kuwakomboa. Mambo haya hayaandikwi katika marmari.

Ukutani upo msalaba wa mti, uliotengenezwa kwa ubao wa ule mti wa Chitambo ambao chini yake ulizikwa moyo wa David Livingstone mwaka 1873. Ni kitu kidogo, chepesi kupitwa, na kwa maoni yangu ni hazina kubwa kuliko vioo vyote vya rangi. Sababu si Livingstone. Mwili wake ulibebwa kutoka huko hadi Bagamoyo na Abdullah Susi, James Chuma na wenzao, safari ya miezi mingi iliyofika pwani Februari 1874. Na ni Jacob Wainwright aliyechonga maandishi katika mti ule. Susi na Chuma wote wawili walimalizia maisha yao hapa Unguja. Mgeni anayeonyeshwa msalaba husikia jina la aliyebebwa. Anastahili kusikia pia majina ya waliobeba.

Tusimwache Steere bila ya kumtendea haki naye, kwani yeye ni mfano mgumu. Miaka mitatu kabla ya jiwe la msingi, mwaka 1870, alikuwa amekwisha kuchapisha kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili cha Unguja, na mkusanyo wa hadithi alizosimuliwa na wenyeji. Tafsiri yake ya Maandiko iliendelezwa na wenzake hata Biblia nzima ikatoka mwaka 1891. Mwaka 1930, Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilipoanza kazi ya kusanifisha Kiswahili, Kiunguja ndicho kilichokuwa msingi, na vitabu vya misheni hii vilikuwa miongoni mwa sababu. Watu wa Mvita na Lamu, wenye ushairi mkongwe, wana haki ya kuuliza kwa nini. Sisi tunaosoma na kuandika Kiswahili sanifu tunalala chini ya paa la Steere pasipo kujua, na paa hilo pia lilinyanyuliwa kwa midomo ya Waunguja ambao majina yao tunayajua kwa uchache. Ibada za Mkunazini zilisaliwa kwa Kiswahili tangu siku za awali, ilhali Wakatoliki waliendelea na Kilatini, kama wenzao duniani kote, hadi Mtaguso wa Pili wa Vatikano wa 1962 hadi 1965 ulipofungua mlango.

Hao Wakatoliki walijenga upande wa pili wa mji. Kanisa la Mtakatifu Yosefu ni kazi ya mapadri Wafaransa wa Shirika la Roho Mtakatifu, wale wale waliofungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868. Lilijengwa kati ya 1893 na 1898. Mtu anayekuja kwa jahazi au kwa meli huiona minara yake miwili kabla ya kuona karibu kitu kingine chochote cha mji, na wenyeji, wengi wao Waislamu, wamelipa jina ambalo limeshinda la mtakatifu mwenyewe: Minara Miwili.

Lakini mtu huyo huyo akishuka bandarini na kuanza kulitafuta, atalipoteza. Vichochoro vitamzungusha, minara itatokea juu ya bati na kutoweka tena, hata ghafla atajikuta chini ya ukuta wake bila nafasi ya kurudi nyuma autazame. Aliyelichora alikuwa na uwanja wa Ufaransa kichwani mwake, uwanja mpana wenye chemchemi na viti. Mji Mkongwe hauna uwanja wa namna hiyo na haukumtengenezea. Kwa mtazamo wa ufundi hili ni kosa: uso uliofanywa uonekane kutoka mbali umewekwa mahali usipoweza kuonekana. Na bado sipendi kulilaumu sana. Mji umelifanya kanisa hili liwe na pande mbili, moja ya baharia na moja ya jirani, na jirani hukutana nalo vipande vipande, kona baada ya kona, kama anavyokutana na msikiti wa mtaani na hekalu la Wahindi. Michoro ya Agano la Kale iliyo ndani imefifia. Sehemu kubwa ya waumini wake wa zamani walikuwa Wagoa, makarani, washonaji na wapishi, jamii ambayo historia ya mji huwataja kwa haraka. Mwanafunzi mwenye bidii angeweza kuanzia hapo utafiti wake.

Kuhusu hifadhi, neno moja. Mji Mkongwe umo katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2000, na Mkunazini limefanyiwa matengenezo makubwa, pamoja na kufunguliwa kituo cha maonyesho ya historia ya utumwa mwaka 2016, ambacho kinaeleza mambo kwa uangalifu kuliko masimulizi ya mdomo. Lakini kwingineko mjini kuta za matumbawe zinapigwa lipu ya saruji, kwa kuwa ni rahisi na hukauka upesi. Saruji haipumui. Hufungia unyevu ndani ya ukuta, chumvi ikajikusanya, mawe yakaanza kuliwa kwa ndani huku nje yakimeremeta. Beit al-Ajaib ya mwaka 1883 sehemu yake iliporomoka Desemba 2020, ikiwa katika matengenezo, na watu wakapoteza maisha. Mafundi wa chokaa wamebaki wachache. Kijana anayejifunza kazi hiyo leo anafanya kazi ya utamaduni kama mwenzake anayejifunza kupiga gambusi, ingawa hakuna anayempigia makofi.

Kilomita chache kusini mwa mji, huko Mbweni, ndiko ninakowashauri walimu wamalizie safari. Misheni iliweka hapo kijiji cha watu waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa, na ikajenga Kanisa la Mtakatifu Yohana, dogo, lenye makaburi chini ya miti. Karibu yake yamo magofu ya shule ya wasichana ya Mtakatifu Maria, iliyoongozwa miaka mingi na Caroline Thackeray. Wasichana walioletwa wakiwa watoto, wasiojua tena lugha za kwao, walifundishwa hapo kusoma Kiswahili, na baadhi yao wakawa walimu wa shule za misheni huko bara. Shule haina paa sasa. Kuta zimebaki, na katika lipu iliyobanduka huonekana matumbawe yaliyopangwa kwa mkono, dogo juu ya kubwa, na alama za vidole katika chokaa.